Boti ya tanga kwa familia ya Moshi au Arusha: ipi ununue

Kabla ya kuuliza bei, jiulize nani ataiangalia boti wakati ninyi mko nyumbani. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko karibu na Moshi, lakini lina mamba na viboko, na simshauri mzazi yeyote awafundishie watoto pale. Duluti ni ziwa dogo, limezungukwa na msitu unaokinga upepo. Kwa hiyo boti itakaa Tanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka Moshi, na nyinyi mtaifuata likizo ya Juni na ya Desemba. Chagua boti inayovumilia kuachwa.

1. Wayfarer ya faiba, hata iliyotumika

Hii ndiyo chaguo langu bila kusita. Ilichorwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957, ina urefu wa mita 4.8, na wazazi wawili na watoto watatu wanakaa bila kubanana. Mwaka 1963 Frank Dye na mwenzake walitoka nayo Scotland hadi Iceland, kwa hiyo ghuba ya Tanga haiisumbui. Juni kusi inapovuma kwa nguvu unapunguza tanga na kuendelea taratibu; Desemba, kwa upepo wa kaskazi, unalifungua lote. Inapanda trela, na ikifunikwa turubai kivulini inakusubiri miezi.

Ukienda kuikagua, anza na vyumba vya hewa, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hivyo ndivyo vinavyoifanya ielee hata ikipinduka. Fungua vifuniko, pitisha kidole kwenye mpira wake: ukiwa umekauka na kupasuka, maji yataingia. Ingiza mkono ndani. Chumba kiwe kikavu. Kisha kanyaga sakafu polepole kuzunguka kitako cha mlingoti. Ikibonyea, mwambie muuzaji asante, uondoke.

2. Mashua ndogo ya mbao

Kwa uzuri na utulivu majini, mashua iliyoundwa na fundi mzuri wa pwani inaishinda Wayfarer. Bibi anakaa, kapu la chakula linakaa, na mtoto anaweza kulala. Shida ni mbao: ikikaa juani inakauka na viungo vinaachana, ikikaa majini inaliwa na wadudu. Inataka kukalafatiwa, yaani kuzibwa viungo, kwa pamba, na kupakwa deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) juu, mara kwa mara. Kama shemeji yako ni mvuvi Tanga au Pangani na mnaaminiana, inunue. Kama huna mtu, achana nayo. Unapokagua, sukuma ncha ya kisu kwenye mbao zilizo karibu na mkuku, ule uti wa mbao chini ya chombo. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, usiendelee na mazungumzo ya bei.

3. Ngalawa

Bei yake ndiyo inayovutia, na ndubi zake mbili, zile mbao za kuelea pembeni, zinaifanya isipinduke ovyo. Lakini gogo la mwembe ni jembamba, mnakaa kwa mstari, mnaloa wote, na kugeuza foromali, mti unaoshika tanga, upepo ukiwa nyuma ni kazi ya mtu aliyekulia baharini. Bora kuikodi pamoja na nahodha wake. Watoto watajifunza mengi kwake.

4. Hobie 16

Ni katamarani, boti yenye matumbo mawili yaliyounganishwa, na ina mbio sana. Vijana wawili wataifurahia. Mama aliyebeba mtoto mdogo hataki hata kuisogelea.

Boti ya Laser ni ya mtu mmoja na Optimist ni ya mtoto mmoja, kwa hiyo haziingii kwenye orodha, ingawa Optimist ni nyongeza nzuri sana mtoto akishapenda bahari.

Boti yoyote utakayoichagua, omba kuona karatasi za usajili na ukaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kabla pesa haijatoka mfukoni. Majaketi ya kuokolea nunua mapya, kwa kipimo cha kila mtoto: mfunge mikanda yote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa, rudisha dukani.