Kuchongesha majina kwenye kombe la gofu la wanawake: huduma tatu za Mombasa na kasoro zake

Anayetaka kombe la ubingwa wa wanawake lichongwe majina hapa Mombasa ana milango mitatu ya kubisha: sonara wa Mji wa Kale anayechonga kwa mkono, maduka ya mihuri na funguo yenye mashine ya sindano ya almasi, na wachapishaji wa katikati ya mji wenye leza. Ukiuliza, wote watatu watakujibu "inawezekana". Kweli inawezekana, ila si kwa kila madini wala kwa kila jina, na tofauti huonekana baada ya mvua mbili tatu za masika, kombe likiwa limesharudi kabatini.

Tutoe hukumu mapema. Kombe la fedha halisi mpelekee sonara. Vibao vidogo vya kitakoni vipeleke kwenye mashine ya sindano. Leza iachie mbao, plastiki na chuma cha pua.

Lakini kazi nyingi huharibika kabla ya chombo chochote kugusa madini, nayo huharibikia kwenye majina. Gofu ya wanawake ina mtego wake hapa. Tazama orodha ya ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Marekani: mshindi wa kwanza, mwaka 1895 katika klabu ya Meadow Brook jimboni New York, kwa mikwaju 132 ya mashimo 18, aliandikwa Bi. Charles S. Brown. Charles ni mumewe. Mwenyewe ni Lucy Barnes Brown, na msomaji mwenye haraka anaweza kudhani mwanamume alipenya. Mwaka 1896 Robert Cox, mbunge kutoka Edinburgh, alitoa kombe la fedha linaloshindaniwa hadi leo, na ubingwa ukaamuliwa kwa mechi za ana kwa ana badala ya jumla ya mikwaju. Beatrix Hoyt alilitwaa akiwa na miaka 16, akalitwaa tena 1897 na 1898. Huyo hana tabu, jina moja mara tatu.

Tabu ni wale walioolewa katikati. Dorothy Campbell alishinda 1909 na 1910, kisha 1924 akiwa Dorothy Campbell Hurd. Glenna Collett alishinda mara tano kati ya 1922 na 1930, na ya sita, 1935, akiwa Glenna Collett Vare. JoAnne Gunderson ndiye bingwa wa 1957, 1960 na 1962. Wa 1966 na 1968 ni JoAnne Gunderson Carner. Asiyejua atahesabu mabingwa sita hapo badala ya watatu. Uingereza nako, Lady Margaret Scott aliyebeba ubingwa miaka mitatu ya mwanzo, 1893 hadi 1895, baadaye alijulikana kwa jina la ndoa la Hamilton-Russell.

Kwa hiyo kabla ya kutoka klabuni, kamati iamue kwa maandishi: bingwa anaandikwa jina alilosajili kwenye kadi ya alama mwaka ule, jina lake mwenyewe likitangulia, na la zamani halifutwi hata akiolewa kesho. Mchongaji hana namna ya kuyajua haya. Ukimpa karatasi yenye "Bi. Fulani", Bi. Fulani ndiye atakayechongwa, na huyo Bi. Fulani mwakani anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Sasa nafasi. Hesabu ifanyike kwenye kitako wala si kwenye tumbo la kombe. Kitako cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 200 kina mzingo wa takriban milimita 628. Vibao vya upana wa milimita 60, vikipishana milimita 10, vinaingia 8. Kibao cha kimo cha milimita 40, ukiacha 5 juu na 5 chini, kinabeba mistari 6 ya milimita 5, yaani herufi za milimita 3 na nafasi ya 2. Hapo una miaka 48, ilmuradi kila jina likae mstari mmoja, na aghalabu halikai. Upana unaofaa ni kama milimita 52, na kila herufi kubwa hula takriban milimita 2.5 pamoja na pengo lake, kwa hiyo zinatosha herufi 20, mwaka ukihesabiwa humo. JoAnne Gunderson Carner na mwaka wake ni herufi 28 pamoja na mapengo. Na majina yetu ya Pwani ndiyo usiseme: Mwanahamisi peke yake ni herufi 11, bado la baba na la ukoo. Mchongaji aliyezoea vikombe vya mpira wa shule hukata jina la mwisho bila kuuliza, au hubana herufi zikawa milimita 2, na kwa kimo hicho sindano huzigandanisha A na R. Panga mistari miwili kwa kila bingwa tangu mwanzo, ukubali miaka 24, kisha uongeze ngazi ya pili ya kitako itakapohitajika.

Jambo jingine dogo linaloudhi: miaka isiyochezwa. Marekani hawakucheza 1917 na 1918, wala 1942 hadi 1945. Mashine ya kompyuta ikiachiwa ijaze miaka kwa mfululizo, itachonga mwaka ambao haukuwa na bingwa na kusogeza majina yote yanayofuata. Mpe mchongaji orodha yenye mwaka na jina kwenye mstari mmoja. Usimwambie "endelea kutoka 2019".

Tuje kwenye madini. Geuza kombe usome muhuri chini yake. Ukiona 925, ni fedha halisi, gramu 925 katika kila elfu. Ukiona EPNS, ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha, na hilo ndilo kombe la kawaida. Utando huo wa fedha hupimwa kwa mikroni, mara nyingi hauzidi 20 au 30. Mkato wa milimita 0.1 ni mikroni 100. Maana yake kila herufi inapenya utando na kufikia madini ya ndani, na kwa hewa yetu yenye unyevu wa bahari madini hayo hubadilika rangi ndani ya mkato. Klabu ya Mombasa ina mashimo 9 ukingoni kabisa mwa bahari. Kombe linalokaa ukumbini pale na lililo katika ofisi yenye kiyoyozi hayazeeki sawasawa. Ndiyo sababu tunashikilia kwamba kombe la kupakwa lisichongwe mwilini. Chonga vibao, vifungwe kitakoni.

Vifungwe kwa nini? Kwa vijipini vya shaba. Gundi ya utepe wa pande mbili ambayo maduka mengi hutumia hulegea kwa joto, na vibao huanza kudondoka kimoja kimoja. Kijipini kina faida ya pili: jina likikosewa, unang'oa kibao kimoja na kuweka kingine. Kosa kwenye mwili wa fedha halisi husuguliwa hadi lipotee, na kila msuguo unapunguza unene wa ukuta wa kombe. Kosa kwenye kombe la kupakwa linadai kulipaka upya lote.

Kuhusu watoa huduma wenyewe. Sonara anachonga kwa patasi nyembamba inayotoa unyuzi wa madini, hivyo herufi yake ina kina na kingo zinazoshika mwanga, na itasomeka hata baada ya miaka mingi ya kufutwafutwa. Udhaifu wake ni herufi za kizungu zenye mikia na usawa wa mistari mirefu; wengi wamezoea nakshi za bangili na vikuku, na maua yao ni mazuri kuliko R zao. Mwombe akuchongee jina moja kwenye kipande cha shaba kwanza. Malipo aghalabu huwa kwa herufi, kwa hiyo nenda umeshazihesabu.

Mashine ya sindano haichimbi, inakwaruza. Ni safi, ya haraka, na kila mwaka unapata umbo lile lile la herufi, mradi uandike jina la mwandiko uliotumika na kimo chake. Usipoandika, mwakani utapewa mwandiko mwingine na kitako kitaonekana kama mabango ya matatu.

Leza inahitaji swali moja tu mlangoni: ni ya faiba au ya kaboni dioksaidi? Ya kaboni dioksaidi hukata mbao na plastiki vizuri, lakini madini matupu haiyaandiki mpaka yapakwe dawa maalumu, na alama hiyo hukaa juu ya madini tu. Ya faiba huandika madini, ila hulenga umbali mmoja; kwenye tumbo la mviringo herufi za kati huwa kali na za pembeni hufifia, isipokuwa fundi ana kifaa cha kulizungusha kombe. Stima ikipotea katikati ya kazi, kombe lisiguswe hata kidogo, kwani kulirudisha pale pale lilipokuwa ni bahati nasibu. Ukiona duka halina betri ya akiba, peleka vibao, kombe lenyewe libaki klabuni.

Kwa ubao wa ukutani wa mabingwa, hao wa leza wanastahili sifa, ilimradi ubao uwe mvule au mkangazi na upakwe vanishi mbele na nyuma. Mbao za unga wa gundi hufura kingoni.

Siku ya kukabidhi: pima uzito wa kombe mbele ya fundi, piga picha muhuri wa chini na kila kibonyeo, andikisha vyote kwenye risiti. Dai karatasi ya majina iliyochapishwa kwa ukubwa halisi, izungushe kitakoni, isomwe na watu wawili wasiokuwepo ilipoandikwa. Ukienda kulichukua, pitisha ukucha juu ya herufi, kisha lifunge kwa kitambaa cha pamba. Gazeti, sufu na raba zina salfa, na salfa ndiyo inayoigeuza fedha kuwa nyeusi. Fundi akijitolea kulisugua kwa dawa ya shaba ili ling'ae, kataa: dawa hiyo ina chembe zinazokula utando wa fedha. Weusi uliobaki ndani ya herufi mwache aubakishe, ndio unaozifanya zisomeke.