Grisi ya baskeli kwa sie tunaobeba pweza: nilivoona mwenyewe

Wenzangu naandika hii hasa kwa mnaoshuka pwani na baskeli, maana mie nimeua ekseli tatu za nyuma kabla sijajua tatizo liko wapi. Niko Wete, Pemba, kila bamvua nashuka kununua pweza halafu nawapandisha sokoni, tenga liko kwenye karia. Sasa lile tenga linachuruza maji ya chumvi njia nzima na yanadondokea wapi, palepale kwenye ekseli ya nyuma! Ya mbele haijanisumbua hata siku moja, na mie miaka yote nalaumu uzito wa mzigo.

Grisi niliyokuwa natumia ni ile ya manjano wanayokupimia dukani kwa kijiko, shilingi mia tano unapata ya kutosha. Haina jina wala maandishi. Nikiifungua baada ya wiki tatu nne naikuta imegeuka nyeupe kama uji, ujue hapo maji yameshaingia yamechanganyika nayo, na gololi zimeshafanya kutu na vishimo vidogo vidogo, ukizungusha tairi unasikia krr krr.

Mzee mmoja fundi ndo aliyenifungua macho. Akanambia mwanangu usinunue grisi kwa rangi, rangi wanatia tu kiwandani, soma mkebe umeandikwa nini. Akanieleza grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, na hizo sabuni ziko za aina nyingi, ya sodiamu ikikutana na maji inayeyuka, ya lithiamu ndo hii ya kawaida ya magari, inastahimili maji kiasi, na ya kalsiamu maji hayaiondoi kirahisi. Hizo za kalsiamu za kawaida hazipendi moto mkali lakini ekseli ya baskeli inapata moto gani jamani, hata ukitoka Wete mpaka Chake unaishika kwa mkono.

Basi nikaenda duka la vifaa vya boti nikachukua mkebe wa nusu kilo, grisi ya boti ya kalsiamu, ya buluu, namba 2 (hiyo namba ni ugumu wake, 3 ni nzito zaidi, kwa baskeli 2 inatosha). Elfu kumi na mbili. Iliniuma, sikatai.

Nikafungua kila kitu, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikaacha zikauke kabisa. Hapa msifanye haraka, grisi ya zamani isibaki hata kidogo kwa sababu kuna sabuni hazipatani, zikichanganyika grisi inalegea inakuwa majimaji. Nikanunua gololi mpya za robo inchi, tisa kila upande, koni mpya (vile vinavyobana gololi kwenye ekseli), nikajaza grisi.

Niliitia kabla ya masika, mvua zote zile na pweza juu, nikaja kuifungua mwezi wa sita. Wallahi bado ya buluu! Upande wa cheni tu ndo ilikuwa imeingia weusi pembeni, gololi zinang'aa. Nimefurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone.

Ubaya wake inanata sana, mikononi haitoki kwa sabuni ya kawaida mpaka uanze na mafuta ya taa, na siku za mwanzo tairi linazunguka zito kidogo. Wewe unayekwenda nayo skuli au kazini tu na pwani hufiki, chukua ya lithiamu, inakutosha na ni rahisi kuipata, ila iwe kwenye mkebe wake wenye maandishi.

Pia pakeni kwenye nyuzi za pedeli (ya kushoto inafungwa kinyume msije mkailazimisha) na kwenye bomba la siti, chumvi ikishagandisha pale hutoi tena bila nyundo. Kwenye cheni hapana, cheni inataka oili nyepesi, grisi inakusanya mchanga inaila. Na isiguse rimu, breki hazitoshika.

Mkebe wangu bado uko zaidi ya nusu. Aliye karibu na anataka kujaribu kwanza aje na kikopo chake, ila kiwe kisafi kisiwe na mchanga.