BrahMos ya India na Babur ya Pakistan: mbio au kunyemelea?
Yote mawili ni makombora yanayojiongoza hadi kwenye shabaha, ila tabia zao mbalimbali. BrahMos, iliyoundwa na India pamoja na Urusi na kujaribiwa mara ya kwanza mwaka 2001, hutegemea mbio: karibu mara 3 ya kasi ya sauti, kiasi kwamba anayelengwa hana muda wa kujipanga. Babur, iliyojaribiwa 2005, haifikii kasi ya sauti. Yenyewe hunyemelea, ikiambaa na ardhi ili rada isiione.

Kwangu mimi, BrahMos ndiyo inayotisha zaidi. Machi 2022 moja ilifyatuka India kwa makosa, ikaenda kuangukia Mian Channu, ndani ya Pakistan. Bahati nzuri haikuwa na kilipuzi, na hakufa mtu.