Vayoleti ya Afrika ya elfu nane: inaifaa nyumba ya Moshi?

Haya wapendwa, karibuni. Leo nipo nyumbani, Majengo hapa Moshi, na mezani nina kiua ambacho wengi mmekuwa mkiniuliza: vayoleti ya Afrika. Nimekinunua kwenye kitalu cha barabarani, shilingi elfu nane, kikiwa ndani ya kiriba. Muuzaji akanihakikishia: "Dada, hili ni ua la Ulaya kabisa."

Ulaya ipi jamani? Kwao ni Usambara! Unatoka hapa, unapita Same, unafika Mombo, unapanda mlima. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka Ujerumani mwaka 1892. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kitaalamu, Saintpaulia ionantha, Saintpaulia ikitokana na jina la huyo ofisa. Tangu 2015 limehamishiwa kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu, iitwayo Streptocarpus, ila ukilitaja hivyo kitaluni utaangaliwa tu.

Mdogo wangu, sogeza simu hapa. Mnaona? Shina halionekani. Majani yote yametoka sehemu moja, yamejipanga duara kama sahani, kila moja na kikonyo chake. Jani nene, lina nyweleo kama kitambaa cha mahameli.

Ua nalo lina ncha tano: mbili za juu ndogo, tatu za chini kubwa. Ukizivuta hazitoki mojamoja, zimeungana chini. Vile vifuko viwili vya njano katikati ndimo chavua ilimo. Asali hakuna. Nyuki anafuata chavua, na ili imwagike inabidi avikumbatie vile vifuko na kuvitetemesha. Na hiki kijiti cha kike, kinachopokea chavua, hakikusimama katikati, kimepinda pembeni. Mimi hapo nilikaa nikashangaa nusu saa, chai ikapoa.

Sasa lawama. Muuzaji alisema nimwagilie juu kila asubuhi. Nikatii. Maji ya bomba ya hapa asubuhi mnayajua, kama yametoka friji. Wiki haikuisha, majani yakapata mabaka ya manjano, na hayafutiki hayo. Maji baridi yakigusa jani lenye joto, chembe za ndani zinakufa. Siku hizi nayalaza maji ndani usiku, namimina kwenye sahani chini ya chungu, linakunywa lenyewe, baada ya nusu saa namwaga yaliyobaki.

Jua pia. Porini huota kwenye miamba yenye unyevu, kivulini mwa msitu, kwa hiyo msiliweke barazani mchana. Dirisha la mashariki, pazia jepesi, basi.

Udongo wa kile kiriba ulikuwa mfinyanzi mtupu, mizizi ingeoza. Nimehamishia kwenye mboji na mchanga. Hapo nimekata alama tatu, linabaki na saba kwa kumi.

Ila elfu nane imesharudi. Hiki ni kikombe cha mtindi. Nilikata jani moja na kikonyo chake, nikalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, nikalifunika na mfuko wa nailoni. Leo ni wiki ya tisa. Sogeza tena simu... hapo chini, vitoto viwili. Cha kulia nimeshamwahidi mama wa geti la pili, kwa hiyo msiniombe.