Skeli ya 1:50 au 1:87: ukiwa Moshi ukusanye ipi?

Kabla hujaamua kama unataka mfano mdogo wa greda au wa katapila, amua skeli, yaani mfano umepunguzwa mara ngapi kulinganisha na mtambo halisi. Ekskaveta yenye urefu wa mita 9.5 inakuwa sentimita 19 kwenye 1:50, na kama sentimita 11 kwenye 1:87.

Wakusanyaji wengi wa mitambo ya ujenzi wako kwenye 1:50. Kampuni za NZG na Conrad za Ujerumani hutengeneza mifano hiyo kwa metali (aloi ya zinki), nayo ina uzito unaousikia mkononi. Chukua greda nzuri: jembe la katikati linazunguka, linapanda na kushuka, magurudumu ya mbele yanalala upande kama kwenye mtambo wenyewe. Greda ya aina hiyo ndiyo inayochonga barabara zetu za vumbi. Kanada huifunga bawa la pembeni, ikasukuma theluji. (Sisi theluji tunaitazama tu kule Kibo, hakuna wa kuizoa.)

1:87 ni skeli ya treni ndogo za mfano zinazoitwa HO. Kampuni ya Wiking, kwa mfano, hutumia plastiki. Faida ni nafasi: rafu moja inabeba msafara mzima wa malori ya kusukuma theluji, na mzigo mwepesi hupunguza gharama ya kuagiza. Ila vioo vya pembeni ni vyembamba mno, na vumbi la kiangazi halina simile. Pangusa kwa brashi laini ya rangi. Kitambaa kinanasa na kung'oa.

Mimi ni wa 1:50, hata kama ni kununua mmoja kwa mwaka. Mwenye chumba kimoja cha kupanga aende 1:87, na anunue kabati la vioo kwanza.