Rsync au restic kwa seva ya nyumba ya wageni, Lamu

Rsync na restic ni programu za kuweka nakala rudufu (backup) za faili. Seva iko Langoni, diski ya nje ni TB 2, imejaa video za wageni na mashua.

Rsync yenye --link-dest (chaguo linalounganisha nakala mpya na ya awali kwa viungo, yaani hard link) ni nyepesi: faili lisilobadilika halili nafasi mara ya pili, na unalifungua bila programu nyingine. Ila diski iwe na mfumo wa faili wenye viungo hivyo, kama ext4; kwenye exFAT havipo, kila nakala huwa nzima. Tena ukibadili jina la video ya GB 4, yote inanakiliwa upya.

Restic hukata faili vipande, na kipande kilichopo hakirudiwi. Wengi huendesha amri ya forget wakashangaa diski bado imejaa. Forget huondoa nakala orodhani tu. Prune ndiyo hurudisha nafasi:

restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --prune

Usingoje ijae pomoni, prune nayo yahitaji nafasi. Nenosiri la restic liandike karatasini. Likipotea, data imekwenda. Kwa video hizo, restic.