Miaka miwili na kisanduku cha rangi za maji kwenye milima ya Bukavu: uzoefu wangu

Nafundisha biolojia katika sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwa muda mrefu nilichora majani na wadudu kwa krayo (penseli) peke yake, kwenye daftari la mistari. Mwaka 2023 shemeji yangu alikuwa anakwenda Kigali, nikampa dola 60 aniletee vitu vitatu: kisanduku cha rangi za maji chenye vidonge 12, brashi yenye tangi la maji ndani ya mpini, na daftari dogo la karatasi nene. Tangu siku hiyo vimekuwa kwenye mkoba wangu karibu kila Jumamosi, Bagira, Kabare, njia ya Miti, na mara moja hadi ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Wenzangu kazini huniuliza waanze kununua nini, kwa hiyo naandika hapa nilichokiona.

Anzeni na karatasi. Zaidi ya nusu ya zile dola 60 ilikwenda kwenye daftari, na shemeji alidhani muuzaji amemlangua. Sasa najua ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Karatasi ya daftari la shule ina kama gramu 60 kwa mita mraba. Ukiipaka maji inajikunja, ukirudia mara ya pili inatoa vinyweleo, mara ya tatu inatoboka. Hii yangu ina gramu 300 na imetengenezwa kwa pamba tupu. Pamba inashika maji ndani yake muda mrefu, hivyo rangi haikauki kabla hujaamua unataka nini.

Nilielewa maana yake asubuhi moja Kabare, mwezi wa kumi, baada ya mvua ya usiku. Mlima Kahuzi ulionekana wote, mita 3,308, na Biega pembeni yake ukiwa chini zaidi. Milima hiyo ni volkano zilizozimika zamani, na ndiyo iliyoipa hifadhi jina. Nilikuwa nimeshapaka anga, nimeshaushusha mlima kwa bluu iliyochanganywa na kahawia, mara ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Rangi ilikuwa bado mbichi. Nikachukua pembe ya kitambaa changu cha kichwa, nikaibonyeza mara tatu kwenye tumbo la mlima, nikaiinua taratibu. Pale nilipobonyeza paligeuka peupe, kingo zikiwa laini, na ukungu wa kweli ulikuwa umefika palepale. Rangi za maji hazihitaji rangi nyeupe; weupe ni karatasi yenyewe, ukiiacha au ukiifunua. Kwenye kisanduku kuna kidonge cheupe, na kwa miaka miwili sijakitumia hata robo.

Siku hiyohiyo mzee mmoja alisimama nyuma yangu kwa kitambo, jembe begani. Kisha akauliza, "Mama, unapima shamba ya nani?"

Swali lake si dogo. Kabare watu wamegombana sana kwa ajili ya mipaka, na mgeni aliyekaa juu ya jiwe akitazama bonde na kuandika namba (huwa naandika tarehe, saa na hali ya hewa kwenye kila ukurasa) anaweza kuwa ametumwa na mtu. Nikasimama, nikamsalimu, nikampa daftari mkononi.

"Sipimi, mzee. Nachora mulima."

Alifungua ukurasa mmoja mmoja. Alipofika kwa Kahuzi akautazama mchoro, akautazama mlima, akasema, "Bega yake ya huku inashuka kuliko hivi." Alikuwa sahihi. Nililirekebisha bega mbele yake, naye hakuondoka mpaka nikamaliza. Tangu hapo, kabla ya kufungua kisanduku mahali popote, kwanza nawaendea wenye shamba, nasalimia na kuonyesha daftari. Nawasihi wote mnaotaka kuchora nje mfanye hivyo.

Sasa kisanduku chenyewe. Ni cha plastiki, kinaingia kwenye kiganja, na kifuniko chake ndicho paleti, yaani mahali pa kuchanganyia rangi. Kila kidonge ni unga wa rangi uliokandwa kwa gundi ya mgunga. Ukikigusa kwa brashi yenye maji kinalainika, na kikikauka kinakusubiri mpaka safari nyingine. Kati ya 12 hizo, mimi naishi na tatu: bluu ya ultramarini, manjano ya udongo na siena ya kuchomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu. Ultramarini zamani ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli la Afghanistan, na bei yake ilikuwa ya wafalme; tangu karne ya 19 inatengenezwa kiwandani, ndiyo maana mshahara wa mwalimu unaifikia. Chembe zake zinazama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha madoadoa madogo, na madoadoa hayo ndiyo miteremko ya mbali ilivyo hasa wakati wa jua kali. Ichanganye na siena utapata kijivu cha mawingu ya Ziwa Kivu kabla ya dhoruba. Siena peke yake ni udongo wa barabara za Kadutu baada ya mvua. Sijui namna nyingine ya kuueleza.

Kijani kimenisumbua. Kilichomo ni kijani cha ftalo, rangi ya kiwandani, kikali, kinang'aa kama bendera mpya. Barabara ya kutoka Miti kupanda Tshivanga, kwenye lango la hifadhi, inapita kwenye mashamba ya chai, na niliyapaka kwa kijani hicho moja kwa moja nikiamini kimeandaliwa kwa kazi hiyo. Ukurasa ule hautazamiki. Chai ina manjano ndani yake, mikalitusi ina kijivu, mianzi juu zaidi ina kijani kilichochoka. Vyote hivyo navipata kwa manjano ya udongo na ultramarini, nikibadilisha kipimo tu.

Hata hivyo kijani hicho hicho kilinifundisha jambo nililolipeleka darasani. Katikati ya molekuli ya ftalo kuna shaba, shaba ileile tunayoijua kwa Katanga. Na ndani ya msitu wa Tshivanga niliona shorobo wa Rwenzori akiruka kutoka mti hadi mti, mabawa yamefunguka, mekundu kama damu. Wekundu wa shorobo nao una shaba ndani yake, na kijani chake pia. Ndege wengi hupata kijani kwa jinsi nyoya linavyovunja mwanga. Shorobo ana rangi yenyewe, na ule wekundu huyeyuka ukitiwa kwenye maji yenye magadi. Yaani ndege amevaa rangi ya maji. Wanafunzi wangu walinyamaza kimya nilipowaeleza, halafu wakaomba kuona ukurasa.

Safari ile ya Tshivanga ndiyo niliyojua brashi yenye tangi ina tabia gani. Niliijaza nusu hapa Bukavu, kwenye kama mita 1,500, nikaifunga vizuri. Tshivanga iko juu zaidi, kama mita 2,200. Nilipofungua kifuniko maji yakatoka yenyewe, doa kubwa likaanguka juu ya mchoro wa jani la lobelia ambalo nilikuwa nimelihangaikia. Sababu ni hewa: iliyofungiwa chini inatanuka unapopanda, na inasukuma maji nje. Dawa yake ni kuijaza hadi juu ili isibaki nafasi ya hewa, au kuipandisha tupu na kuijaza ukifika. Zaidi ya hapo ni brashi nzuri kwa msitu, maana huhitaji kopo la maji wala mahali pa kuliweka. Kwa anga kubwa haitoshi; ncha yake ni ndogo, rangi inakauka kwa mistari. Nimeongeza brashi ya kawaida, nene kama kidole gumba, na chupa ya maji ya kunywa.

Kwa gorila wa hifadhi hiyo, rangi sikuzifungua kabisa. Tulipewa saa moja, barakoa usoni, tumesimama mbali kidogo, na mnyama hakusubiri. Nilitumia krayo. Pisteri (mfuata nyayo za wanyama) aliyetuongoza aliniambia wao huwatambua gorila kwa pua, kwa mikunjo iliyo juu ya matundu, kila mmoja na yake. Basi nikaacha miili, nikachora pua. Pua nne kwenye ukurasa mmoja, na chini ya kila moja yule pisteri akanitajia jina, nikaandika. Rangi niliitia nyumbani jioni, nyeusi iliyotoka kwa ultramarini na siena, maana nyeusi ya dukani inakufa juu ya karatasi.

Kasoro ya mwisho ni unyevu, na hiyo ni ya hewa yetu kuliko ya kisanduku. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, vidonge havikauki vizuri. Mara moja nilifunga kisanduku kikiwa kibichi, nikakisahau wiki nzima, nikakuta kuvu ya kijivu juu ya manjano ya udongo. Niliikwangua kwa kisu, rangi ya chini ilikuwa salama. Siku hizi nikirudi nyumbani nakiacha wazi usiku kucha juu ya kabati, mbali na watoto na mbali na jiko. Bawaba moja nayo imelegea. Nakizungushia mpira wa nywele.

Kwa sababu ya hali ya njia, sasa nachorea karibu zaidi. Kutoka Bagira naona ziwa, rasi za Ibanda na milima ya Rwanda ng'ambo. Juni hadi Agosti vumbi na moshi vinaifuta milima ile mmoja baada ya mwingine, wa mbali ukibaki kama pumzi tu juu ya karatasi, na hapo ndipo unajifunza kutumia maji mengi na rangi kidogo. Nina kurasa kumi na moja za mahali hapohapo, saa kumi na mbili asubuhi, miezi tofauti, na hakuna mbili zinazofanana.

Ultramarini imebaki ukingo mwembamba kwenye kona za kichombo chake. Nimeshamwagiza shemeji vidonge viwili vya bluu hiyo, kimoja cha siena, na daftari lingine lilelile la pamba. Safari hii hakuuliza bei.